Majina ya Watu katika Hadithi za Kubuni

Huku Chinongwe, kama katika shule nyingine za nchi iliyo kati ya Ruangwa na Nachingwea, walimu tumezoea kuwapa wanafunzi kazi ya kutunga hadithi. Wapewapo ruhusa ya kubuni watakavyo, wengi hawatungi habari za shamba wala za soko, hutunga maajabu. Mtoto hupotea msituni akakuta mji chini ya ziwa, mbuyu hufunguka kama mlango, ndege husema, zimwi huja usiku kudai deni. Nimezisoma hadithi hizo kwa miaka mingi, na jambo lililonisumbua kuliko makosa ya maendelezo ni majina. Mtoto mwema wa hadithi, yule ashindaye mwisho, huitwa John, au Rehema, au jina jingine la kitabuni. Mchawi, zimwi, mlafi na mjinga hupewa majina ya wazee wa kijijini. Sijapata kuona hata mara moja mchawi aitwaye John.

Sisemi kwamba watoto hufanya hivyo kwa ubaya. Wao hufuata walichokisoma, na pengine walichokisikia kwetu sisi walimu. Lakini mtoto aliyekwisha andika hadithi ishirini za namna hii amejifunza, pasipo kufundishwa na mtu, kwamba jina la bibi yake ni la kutisha au la kuchekwa. Ndiyo sababu nimeona vema kuwaandikia walimu wenzangu, na mapadre pia, ambao nao hutunga hadithi na michezo kwa ajili ya watoto.

Tena sina haki ya kuwalaumu watoto, maana mimi mwenyewe nalikosa kuliko wao. Zamani, katika shule moja niliyopelekwa nikiwa kijana, mahali nisipozaliwa, nalitunga hadithi ya zimwi wa mtoni kwa darasa la nne. Nalitafuta jina la zimwi huyo kwa siku mbili. Nikajaribu silabi hizi na hizi, mpaka nikapata jina zito lenye mvumo kama wa ngoma, nikafurahi, nikidhani kwamba nimelitengeneza mwenyewe. Watoto walilipenda mno. Kabla ya juma kwisha walikuwa wakiliimba njiani wakienda kuteka maji. Siku ya tano wakaja wazee watatu, wakaketi chini ya mwembe wa shule, wakangoja mpaka masomo yamekwisha. Hawakugomba. Mkubwa wao aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, jina lile nani amekupa?" Nikajibu, "Hakuna aliyenipa, mzee. Nimelibuni." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi umelibuni likiwa na mwenyewe."

Jina lile lilikuwa la mmoja wa wazee wa mtaa ule, tena si jina aliloitwa siku hizo, bali jina lake la utoto. Wasomaji waliozaliwa huku kusini watafahamu mara moja uzito wa jambo hilo. Kwa ajili ya waliotoka mbali nitalieleza. Kwa Wamwera, na kwa jirani zetu Wayao, Wamakua na Wamakonde, mvulana aliyetoka jandoni huacha jina la utoto na kupokea jina jipya. Tangu siku hiyo jina la kwanza halitamkwi mbele yake. Kumwita mtu mzima kwa jina aliloliacha ni kumwambia kwamba yeye bado mtoto, hajatahiriwa, hajafundishwa, hajui kuketi na watu. Ni tusi, hata lisemwapo bila nia. Katika Uaskofu wa Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1926 mpaka 1944, alitaka jando liingizwe ndani ya Kanisa badala ya kupigwa marufuku, naye aliona vizuri kwamba jando si kisu tu. Jina jipya ni sehemu ya mambo hayo.

Basi mimi nalilitoa jina lililozikwa miaka hamsini, nikalitia kinywani mwa watoto, nikalivika zimwi. Na katika watoto walioliimba alikuwamo mjukuu wa mzee yule, asijue analoliimba. Mzee hakupita tena njia ya shule kwa siku nyingi. Nikaenda kwake na wale wazee watatu, nikampelekea kuku kama walivyonielekeza, akapokea, tukazungumza habari za mvua. Juu ya jina hakusema neno. Zile karatasi nalizichoma, wala jina lenyewe sitaliandika hapa, maana kuliandika kungekuwa kulirudia kosa.

Lakini swali la mzee halikuniacha: jina lile nani amekupa? Naliona baadaye kwamba swali hili lamfaa kila mtungaji. Sisi tukitafuta jina la mtu wa hadithi huuliza, "Lina maana gani? Lina mvumo gani?" Katika maisha watu hawaanzi hapo. Jina lina mtu aliyelitoa, na siku lilipotolewa, na sababu. Huku kwetu, ambako kwa desturi za kale ukoo hufuatwa upande wa mama, mjomba na bibi wana neno kubwa katika mambo ya mtoto. Jina la mtoto lasema habari za hao waliomwita, kuliko habari za mtoto mwenyewe.

Tazama majina yaliyo ya kawaida katika nchi yetu: Shida, Tabu, Mashaka, Majuto, Sikudhani, Havijawa, Chausiku, Pili, Tatu. Mgeni aweza kudhani kwamba mtu aitwaye Matata ni mtu wa matata, na kwamba Majuto ana la kujutia. Sivyo. Majuto aweza kuwa mtu mchangamfu kupita wote. Juto lilikuwa la mama yake, au la nyumba yote, katika mwezi aliozaliwa. Chausiku alizaliwa usiku, basi. Jina laangalia nyuma, kwa yaliyokwisha kutokea. Halitabiri mtoto atakuwa mtu wa namna gani. Mapadre watakumbuka kwamba Naomi aliporudi Bethlehemu kutoka Moabu alitaka aitwe Mara, naye alitaka hivyo kwa ajili ya yaliyompata, si kwa ajili ya tabia yake.

Wala tusidhani kwamba majina ya ajabu hupatikana katika hadithi tu. Mwaka 1906 Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na Newala akikusanya habari za kabila za huku, naye katika kitabu chake ametaja watu wa safari yake. Mnyapara wa wapagazi wake aliitwa Pesa Mbili, na mwingine katika msafara aliitwa Kofia Tule. Mtungaji angeyabuni majina hayo, tungesema amezidisha mzaha. Lakini walikuwa watu wa kweli, wakabeba mizigo ya kweli katika njia hizi hizi.

Sasa tuziangalie hadithi za kale za pwani, tuone watungaji wasiojulikana walifanyaje. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, na ndiye aliyewaongoza watu wa kwanza wa misioni kuja Masasi mwaka 1876, alipiga chapa kitabu cha hadithi za Kiunguja mwaka 1870. Humo imo hadithi ya maskini Hamdani, aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama, hata akaokota kipande cha fedha akanunua paa. Yule paa akaenda mbali kwa Sultani kumposea bwana wake binti. Wala huko hakumtaja Hamdani wa jaani, bali alisema bwana wake ni Sultani Darai. Hapo jina lina mtoaji, na mtoaji ni mnyama. Nalo lina kazi: paa akamvika bwana wake jina kwanza, ndipo akamtafutia nguo, na nyumba, na mali vilistahili jina hilo. Mwisho paa akaugua, naye Hamdani akamdharau, akamnyima hata chakula chema. Paa akafa, na yule bwana akajikuta tena jaani, Hamdani yule yule. Jina alikuwa ameazimwa. Hadithi yote imo ndani ya majina mawili, wala hakuna hata moja katika hayo lenye maana ya "mwenye kusahau fadhili."

Katika kitabu hicho hicho yumo Nunda mla watu. Kwanza alikuwa paka wa Sultani Majinuni. Alipokula kuku, na mbuzi, na watu wa mji, Sultani hakutaka kusikia mashitaka. Paka ni wake. Alipowala wana wa Sultani mwenyewe, hapo ndipo Sultani alipokubali kwamba huyu si paka tena, ni Nunda. Mimi naliipenda hadithi hii tangu utoto kwa ajili ya hofu yake, lakini sasa naipenda kwa ajili ya jina. Mnyama hakubadilika siku ile. Alikuwa mla watu tangu zamani. Aliyebadilika ni Sultani, na jina jipya ndilo laonyesha.

Jambo jingine la hadithi za kale lafaa litajwe. Wengi waliomo hawana majina kabisa. Yuko maskini, yuko kizee, yuko mtoto wa mwisho, yuko Zimwi. Katika hadithi tusimuliazo huku usiku, Sungura ni Sungura, na Fisi ni Fisi. Wayao humwongezea Sungura neno la heshima, wakamwita Che Sungula, na heshima hiyo yenyewe ni kichekesho, kwa kuwa kila asikiaye ajua Sungura ni mjanja wa namna gani. Wanafunzi wetu hudhani lazima kila mtu wa hadithi apewe jina, hata mlinzi wa mlango atokeaye mara moja asirudi. Msomaji hulemewa bure. Zimwi hasa halihitaji jina. Likipewa jina hupungua, likawa kama jirani mbaya tu.

Yasemwa na wengine kwamba njia iliyo bora ni kumpa mtu wa hadithi jina la tabia yake. Njia hii walimu wa misioni tumeizoea kwa kitabu cha Bunyan cha mwaka 1678, kiendacho na msafiri wake Mkristo. Katika Kiswahili mkubwa wa njia hii ni Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno katika nchi iliyo angani. Katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, chini ya mfalme Rai wa Ughaibu. Watu wengi wamejaribu kumwiga, na wengi wameanguka. Kwa nini? Naona ni kwa sababu wamechukua majina wakaacha kazi ya majina. Kusadikika ni baraza la hukumu toka mwanzo mpaka mwisho. Watu wake ni hoja zilizosimama kwa miguu, na hoja yafaa iitwe kwa jina lake. Tena Shaaban Robert hakuyaokota majina yake katika orodha ya sifa njema na mbaya. Alichagua neno Karama ambalo pia ni kipawa kitokacho juu, si wema mtupu. Mwanafunzi wangu amwitapo mtu wa hadithi yake Mwizi, na katika ukurasa wa pili akaiba, amebakiza nini cha kusimulia? Na mzazi gani huku kwetu angemtazama mtoto mchanga akamwita Hasidi? Kwa hadithi ya mfano, ambayo msomaji ajua ni mfano, njia hii ni njema. Kwa hadithi ambayo twataka mtoto aogope mto wa kubuni kama mto wa kweli, na ampende mtu wa kubuni kama dada yake, mimi naona ni nyembamba.

Jina peke yake halitoshi. Lazima kufikiri pia jinsi mtu aitwavyo na huyu na huyu. Hapo hadithi zetu nyingi za shule hukosa kabisa, kwa kuwa hufuata mtindo wa vitabu vya Kizungu. Mtoto wa hadithi humwita kizee kwa jina lake tupu, tena mbele ya watu. Katika kijiji gani? Mama aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Fulani; mzee huitwa babu au mzee; mjomba ni mjomba hata akiwa na miaka michache kuliko mpwa wake; mwalimu ni mwalimu mpaka kaburini. Mtu mmoja wa hadithi aweza kuwa na jina aitwalo na bibi yake tu, na jina aitwalo na rika lake, na jina la heshima kwa wageni. Msomaji wa huku atajua ni nani anenaye kwa kusikia ni jina lipi limetumika, hata mtungaji asiposema. Hazina hii tunayo tayari, nasi twaiacha ghalani.

Neno moja juu ya utani. Watoto hupenda kumpa mpumbavu wa hadithi jina la kabila ya watani wao, wakacheka sana darasani. Kinywani ni sawa, kwa maana mtani yupo naye atajibu. Katika kitabu si sawa: kitabu hufika mahali ambapo utani haufiki, kikasomwa na mtu asiyejua kama ni mchezo.

Je, mtungaji atakaye nchi mpya kabisa, yenye watu wasiopata kuonekana, atapata wapi majina? Hapa dunia pana yaweza kutufundisha kidogo. J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein katika Afrika Kusini mwaka 1892, akawa mwalimu wa lugha huko Oxford, alitoa kitabu chake The Hobbit mwaka 1937. Majina ya vibete wa hadithi ile, na la mzee Gandalf pia, hakuyabuni. Aliyachukua katika utenzi wa kale wa Kiaisilandi. Na kwa mataifa mengine aliyoyabuni alitengeneza kwanza lugha, na sauti zake, na sheria zake, ndipo majina yakatoka humo kama matunda ya mti mmoja. Ndiyo sababu msomaji akisikia jina ajua mtu huyu ni wa upande gani. Tofauti ni kwamba wenye majina yale ya kale wamekufa zamani sana. Hakuna wazee watatu wawezao kwenda kuketi chini ya mti huko Oxford. Majina ya mababu zetu bado yana wenyewe. Kwa hiyo somo la kuchukua kwake ni lile la sauti.

Na sauti tumezungukwa nazo. Taja majina ya mahali pa Ruangwa: Nambilanje, Nandagala, Namichiga, Narung'ombe, kisha Chinongwe, Chienjele, Chibula, kisha Likunja, Luchelegwa. Msafiri afungapo macho akasikia majina hayo ajua amefika kusini, hayuko Kilimanjaro wala Bukoba. Yule atakaye kubuni nchi chini ya ziwa na aisikilize kwanza nchi iliyo juu, ajue ni mianzo gani ya maneno hurudiarudia, ndipo atengeneze miji yake kwa mianzo hiyo hiyo. Akisha kutengeneza, aulize wazee kama jina lina mwenyewe. Mimi sitoi mfano hapa, kwa kuwa sijauliza.

Majina ya kigeni ni habari nyingine. Mwaka 1940 ilipotoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, mfasiri alimfanya Alice kuwa Elisi, nalo ni jambo jema, maana msomaji asiye na Kiingereza asijikwae katika kila ukurasa. Jina ambalo ulimi haulimudu halipendwi, na lisilopendwa halikumbukwi. Kwa sababu iyo hiyo nawashauri wanafunzi wasiwaweke Hamisi na Hasani na Hamadi katika hadithi moja, ila kama ni mapacha au kama kufananisha ndiko kusudi lao.

Tangu siku za kosa langu, nitoapo kazi ya hadithi huwaagiza wanafunzi waandike nyuma ya karatasi, kwa kila jina, nani alimpa mtu huyu jina hili, na siku ile palitokea nini. Si lazima habari hizo ziingie katika hadithi. Kwanza walinung'unika. Baadaye naliona kwamba mara nyingine nyuma ya karatasi pana hadithi nzuri kuliko mbele, nikawaambia waigeuze.

Msichana mmoja wa darasa la sita aliandika juu ya mji uitwao Stesheni. Wasomaji wajua kwamba Nachingwea iko kata ya jina hilo, na kwamba jina limebaki tangu mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, wakati reli ilipojengwa. Mpango uliachwa mwaka 1951, na reli nayo iliondolewa miaka ya 1960. Stesheni ipo kwa jina tu. Katika hadithi ya msichana huyu gari la moshi hufika Stesheni mara moja kwa mwaka, usiku, juu ya reli isiyokuwapo, likishusha watu wasiozeeka. Mtoto wa hadithi aitwa Filimbi. Nyuma ya karatasi ameandika kwamba jina alipewa na bibi yake, kwa kuwa usiku aliozaliwa bibi alisikia filimbi ya gari la moshi, wala hakuna mwingine aliyeisikia. Nikamwuliza kama ameuliza nyumbani. Akasema ameuliza; bibi yake mwenyewe amemwambia kwamba hajui mtu wa jina hilo huku, aliandike tu, lakini aongeze kwamba yule bibi wa hadithi alikuwa macho, hakuota.